Kabla ya kung'oa mathenge, tuchague maneno

Mwenye kutaka kuendesha kampeni ya kuhifadhi mazingira huanza, aghalabu, kwa kutafuta miche, majembe na fulana. Lugha huachwa iwe kazi ya mwisho. Basi likiwa tayari limewashwa, mtu mmoja anayesifika kwa wepesi wa ulimi huombwa abuni kaulimbiu, nayo ikipendeza masikioni huchapishwa papo hapo. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba utaratibu huo umepinduliwa kichwa chini miguu juu, na kwamba ni mahali pachache nchini ambapo kosa lake laweza kuwa ghali kama huko Bura, kwenye kingo za Mto Tana.

Nayasema haya kwa sababu kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wenye bidii na moyo safi, waliniletea hivi karibuni rasimu ya kampeni wanayotaka kuifanya Bura wakati wa likizo ndefu. Ombi lao lilikuwa dogo: niwasahihishie Kiswahili. Kampeni yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kupanda miti, na kaulimbiu yake ilikuwa "Panda mti, okoa maisha." Sehemu ya pili ni kuung'oa mti wa mathenge, na kaulimbiu yake ilikuwa "Ng'oa mathenge, okoa Tana." Kisarufi, kaulimbiu hizo hazina dosari hata moja. Hata hivyo niliwashauri wasizitumie, na kwa kuwa yamkini kuna vikundi vingine vingi vyenye mipango kama hiyo, naona inafaa sababu zangu zijulikane hadharani.

Tuanze na mahali penyewe. Nchini Kenya kuna Bura zisizopungua tatu. Ipo Bura ya Taita, ambayo si mada yetu leo. Ipo Bura ya ng'ambo ya magharibi ya Mto Tana, katika Kaunti ya Tana River, ambako kuna mradi mkubwa wa kilimo cha kunyunyizia maji. Kisha ipo Bura ya ng'ambo ya mashariki, huko Fafi katika Kaunti ya Garissa, ambayo wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kisomali. Hizi Bura mbili za mwisho zimetenganishwa na mto, lakini zimeunganishwa na mto huo huo, na zimeunganishwa pia na mti mmoja wenye miba.

Mradi wa Bura ulipangwa katika miaka ya 1970 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Walowezi wa kwanza walifika mwaka 1981, wakitoka pande mbalimbali za nchi, kila familia ikiahidiwa shamba la pamba na kibanda cha kuishi. Mpango wa awali ulikuwa kunyunyizia hektari zipatazo 6,700. Gharama zilipanda kupita kiasi, pampu za kuvuta maji kutoka mtoni zikawa zinaharibika, na hatimaye ni hektari zipatazo 2,500 tu zilizotayarishwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umezorota kabisa, na ilichukua miaka mingi kabla ya juhudi za kuufufua kuanza kuzaa matunda.

Katikati ya hesabu hizo za pamba na pampu palikuwa na swali ambalo wapangaji, kwa haki, walistahili kusifiwa kwa kuliuliza: maelfu ya familia hizi zitapikia nini? Msitu wa kandokando ya Tana ni ukanda mwembamba katika nchi kame, na ndani yake, kusini mwa Bura, wamo nyani na kima wasiopatikana penginepo duniani, ambao kwa ajili yao hifadhi maalumu ilitengwa mwaka 1976. Familia zote hizo zikiachwa zikate kuni humo, msitu ungekwisha. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kuni zipandwe. Serikali ya Finland ilisaidia kazi ya misitu na utafiti wa kuni hapo Bura katika miaka ya 1980. Miongoni mwa miti iliyoletwa, tangu mwaka 1983, ulikuwepo mti mmoja wenye asili ya Amerika, ambao wataalamu wameujua kwa miaka mingi kwa jina la Kilatini Prosopis juliflora. Mti huo ulikuwa umekwisha kuonekana nchini tangu mwaka 1973, ulipopandwa katika machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa ili kurudisha ukijani katika ardhi iliyochimbwa. Ulistahimili chumvi, ulistahimili ukame, ulikua upesi, na kuni zake ziliwaka vizuri. Nani angeukataa?

Huo ndio mti ambao leo Wakenya wanauita mathenge.

Mwendo wa mathenge

Mathenge huzaa maganda matamu. Mbuzi, ng'ombe na ngamia huyapenda. Gamba la mbegu ni gumu kiasi kwamba mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama bila kusagika, zikadondoka pamoja na kinyesi kilicho mbolea tayari, mbali na mti mama. Kwa jinsi hiyo kila mfugaji anayehama na mifugo yake amekuwa mpandaji asiyejijua. Mto nao, ukifurika kama ulivyofurika wakati wa El Nino ya mwaka 1997 na 1998, huzoa maganda na kuyatandaza katika mabonde. Ukikatwa juu ya ardhi, mti huo hauna habari ya kufa, bali hutoa matawi mengi kuliko ya kwanza. Hauna budi kukatwa chini ya usawa wa ardhi, mahali shina linapoanza kuwa mzizi. Mbegu zake nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingojea mvua.

Matokeo yake yameonekana kila mahali ulipopelekwa. Umeziba mifereji ya mradi wenyewe uliokusudiwa kuuhudumia. Umefunika malisho. Umetapakaa mpaka kandokando ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Huko Baringo, ambako uliingizwa pia mapema katika miaka ya 1980, jamii ya Wailchamus ilikwenda mahakamani mwaka 2006 kuishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yale akapelekwa kama ushahidi. Wengi walicheka waliposoma habari hiyo magazetini. Lakini mbuzi asiye na meno hawezi kula, na mfugaji ambaye mbuzi wake hawali hana cha kuwalisha watoto. Mwaka 2008 serikali iliutangaza rasmi mti huo kuwa gugu hatari.

Wahenga walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii, hata hivyo, haimfai mfugaji wa Tana, kwa kuwa mwiba huu hakujidunga yeye. Alidungwa na kampeni. Tena ilikuwa kampeni ya kupanda miti, yenye nia njema, yenye wataalamu na yenye fedha.

Sasa turudi kwenye kaulimbiu ya kwanza ya vijana wangu: "Panda mti, okoa maisha." Jijini Nairobi maneno hayo yanasikika kama dua njema. Yanakubaliana na wito wa taifa, maana tangu Desemba 2022 serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na vyuo na shule zinashindana kuhesabu miche. Lakini mzee wa Kiorma aliyeona malisho ya ujana wake yakigeuka kichaka cha miba atayapokea vipi? Kwake yeye neno "panda" halina utakatifu wowote. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: mti gani? Umetoka wapi? Utakunywa maji ya nani? Mbuzi akila tunda lake itakuwaje? Na mkishakwenda zenu, nani ataulinda, au nani atatulinda sisi nao? Kampeni ambayo haina majibu ya maswali hayo matano haijawa tayari kupanda basi la kwenda Bura.

Mti wenye jina la mtu

Kaulimbiu ya pili ina hatari kubwa zaidi, na hapa naomba msomaji aniwie radhi nikitumia kidogo vyombo vya kazi yangu.

Mathenge ni jina la mtu. Ni jina la kawaida miongoni mwa Wakikuyu, na Wakenya wengi wana rafiki, jirani au mwalimu anayeitwa hivyo. Si jambo la ajabu mmea kuitwa kwa jina la mtu, kwani lugha nyingi hufanya hivyo. Watu wengine wameuita mti huu kwa namna nyingine kabisa. Waturkana huuita etirae. Baadhi ya Wasomali katika Pembe ya Afrika huuita garanwaa, yaani kisichojulikana. Jina hilo la Kisomali lina busara nyingi. Linatangaza kwamba mti ulifika bila utambulisho, wala mwenye nchi hakuulizwa. Jina tulilolishika sisi katika Kiswahili cha Kenya halisemi hivyo. Linaufananisha mti na mtu.

Kiswahili kina utaratibu wa ngeli unaotenganisha viumbe wenye uhai wa kutembea na vitu vingine. Tukiuzungumzia mti tutasema, "Mathenge umeenea, uondolewe." Tukimzungumzia mtu tutasema, "Mathenge ameenea, aondolewe." Tofauti yote imo katika kiambishi kimoja cha silabi moja. Lakini katika kaulimbiu "Ng'oa mathenge" kiambishi hicho hakipo, kwa sababu kitenzi kiko katika hali ya kuamuru na nomino haina upatanisho wa kuiongoza. Herufi ndogo mwanzoni mwa jina yaweza kumsaidia msomaji wa bango. Haimsaidii hata chembe anayesikia kupitia kipaza sauti juu ya gari linalopita sokoni.

Haya yangekuwa mafumbo ya darasani kama Bura ingekuwa kijiji cha kabila moja. Sivyo ilivyo. Walowezi wa mradi walitoka karibu kila pembe ya nchi, wakiwemo Wakikuyu. Wanaishi jirani na Wapokomo walio wakulima wa kingo za mto, na Waorma na Wasomali walio wafugaji. Mwaka 2012 na mapema mwaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano kati ya jamii za Tana, na ardhi na maji vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Tukumbuke pia kwamba nchi hii imewahi kusikia wanasiasa wakiwaita raia wenzao "madoadoa", na imewahi kusikia habari za kung'oa magugu zisizohusu shamba lolote. Baada ya umwagikaji damu wa mwaka 2007 na 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kwa sababu tulijifunza, tena kwa gharama kubwa, kwamba panga hutanguliwa na neno.

Basi wanafunzi wageni, katika gari lenye kipaza sauti, watapita Bura wakitangaza kwa nguvu zao zote kwamba mathenge ang'olewe? Najua hawakukusudia ubaya. Lakini kusudio la msemaji hubaki kinywani mwake, na linalomfikia msikilizaji ni neno peke yake.

Tahadhari hiyo hiyo iangukie istilahi nyingine zinazopendwa katika vitabu vya mazingira: mmea mgeni, mmea vamizi, mimea ya asili. Katika maabara maneno hayo yana maana finyu na safi. Kandokando ya Tana, neno "mgeni" ni silaha ya kila siku. Mkulima humwita mfugaji mgeni, mfugaji humwita mlowezi mgeni, na kila mmoja ana historia ya kumthibitishia dai lake. Anayesimama barazani na kusema kwamba tatizo la Bura ni wageni waliovamia ardhi ya wenyeji, hata kama amenyosha kidole kuelekea kichakani, amewagawia watu fimbo bila kujua watapigana na nani. Heri aseme wazi: mti huu una miba, unaziba njia, unaharibu meno ya mbuzi. Maneno hayo hayana kabila.

Malka moja

Je, kampeni isifanywe? La hasha. Ifanywe, tena ifanywe upesi, lakini ipangwe kuanzia upande wa pili, yaani kuanzia kwa haja ambayo watu wa hapo tayari wana neno lake.

Neno hilo lipo. Ni malka. Malka ni mahali na njia ambayo mifugo hupitia kufika mtoni kunywa maji, na neno lenyewe hutumiwa na Waorma na kueleweka na majirani zao. Malka ikiwa wazi, mfugaji hupitisha ng'ombe wake bila kuwakanyagisha mahindi ya mkulima. Malka ikizibwa na kichaka cha mathenge, ng'ombe hutafuta njia nyingine, na njia nyingine hupita shambani mwa mtu. Kwa maneno mengine, malka iliyozibwa ni ugomvi unaosubiri siku yake. Mkulima na mfugaji, ambao huenda wasikubaliane kuhusu nani alifika Tana kwanza, wote wawili wananufaika malka ikifunguliwa.

Kwa hiyo niliwapendekezea vijana wale lengo moja tu: wachague malka moja, kwa mashauriano na wazee wa pande zote mbili, waifungue, na waiweke wazi kwa miaka mitatu. Kaulimbiu yao iwe "Tufungue malka." Linganisha vitenzi hivyo. "Panda" na "ng'oa" ni amri, msemaji amesimama pembeni akimwagiza mwingine afanye kazi. "Tufungue" humweka msemaji ndani ya kazi yenyewe. Hamwambii mtu wa Bura la kufanya, bali humwomba washike jembe pamoja. Aidha, kaulimbiu hiyo haina adui. Ina njia tu, na maji mwisho wa njia.

Kampeni zilizofaulu nchini humu zilikuwa na sifa hiyo ya kudai kitu kimoja kinachoonekana. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, hakuwaita watu kuupigania "mfumo wa ikolojia" alipoutetea msitu wa Karura mwaka 1998 na 1999. Alidai Karura isinyakuliwe, na kila mtu, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu walioingia barabarani Januari 1999, alijua Karura iko wapi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilieleweka kwa sababu mfuko ni kitu ambacho mama sokoni anaweza kukishika mkononi. Malka ni kitu cha namna hiyo.

Lugha gani, msimu gani

Lengo likiisha kupatikana, mipango mingine hufuata kwa urahisi zaidi. Nitataja minne.

Wa kwanza ni lugha za kazi. Katika eneo la Bura na jirani zake husemwa Kisomali, Kiorma, Kipokomo, Kielwana na Kimunyoyaya, mbali na lugha za walowezi na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Kipokomo na Kielwana ni ndugu wa damu wa Kiswahili, kama walivyoonyesha wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1993. Kiorma na Kisomali ni za jamii nyingine kabisa. Kosa la kawaida ni kuandika ujumbe kwa Kiingereza, kuutafsiri kwa Kiswahili, kisha kuutafsiri Kiswahili hicho kwa lugha nyingine, mpaka mwisho wa safari ujumbe unakuwa kama maji yaliyopitishwa katika vyungu vitatu vyenye masizi. Heri kundi dogo la wasemaji wa kila lugha liketi, lielezwe haja, kisha kila mmoja aiseme kwa namna ambayo mama yake angeielewa. Tena mabango yasitegemewe kupita kiasi. Wafugaji wengi ni wasikilizaji hodari kuliko wasomaji. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na vizazi vimekua vikipima habari kwa sikio. Baraza la wazee, mazungumzo baada ya sala ya Ijumaa, na kisima ambako akina mama hukutana ni vyombo vya habari vyenye uzito kuliko fulana.

Wa pili ni majira. Kalenda ya chuo ina mihula, lakini kalenda ya Bura ina Gu', Xagaa, Deyr na Jilaal. Wakati wa Jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari mpaka Machi, mifugo hukusanyika mtoni, na hapo ndipo malka huhitajika. Kwa hiyo kazi ya kukata ifanywe kabla ya hapo, mvua za Deyr zinapokwisha mwezi Desemba, ambapo pia udongo bado ni laini na visiki huchimbuka. Baada ya kila msimu wa mvua miche mipya itachipua, na lazima warudi waing'oe ingali midogo. Kikundi kisichoweza kurudi mara mbili kwa mwaka kisianze kabisa, maana malka iliyokatwa nusu na kutelekezwa huota kichaka kizito kuliko cha awali. Na kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, makabidhiano kati ya wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa kwanza yaandikwe katika mpango wenyewe.

Wa tatu ni mkate wa watu. Yapasa tuseme ukweli kwamba mathenge una watu wanaouishi. Wako akina mama na vijana wanaochoma makaa yake, na makaa hayo ni mazuri. Maganda yake, yakisagwa kuwa unga kabla ya kulishwa, mbegu hufa na mifugo hupata chakula kisicho na madhara yale. Anayekwenda Bura kuulaani mti bila kuuliza nani anaula atajitafutia upinzani usio wa lazima. Wachoma makaa ndio watu wenye mapanga, wenye ujuzi na wenye sababu ya kukata. Wawe washirika wa kwanza. Lakini hapa pia pana mtego: gunia likishafungwa, makaa ya mathenge na makaa ya mgunga hayatofautiani kwa urahisi, na baadhi ya watu hukata migunga kwa kisingizio cha kukata mathenge. Kikundi kizungumze mapema na maafisa wa misitu kuhusu vibali vya kukata na kusafirisha, na kikubaliane na wazee ni miti ipi isiyoguswa, kila mmoja kwa jina lake la hapo.

Wa nne ni hesabu. Vikundi vyetu hupenda kuhesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe, wala havirudi kuhesabu iliyopona. Kampeni hii ijiwekee hesabu tofauti. Baada ya mwaka mmoja, je, ng'ombe wanapita? Visiki vingapi vimechipua upya? Je, kesi za mifugo kuingia mashambani karibu na malka hiyo zimepungua katika daftari la chifu? Hizi ni hesabu ambazo mzee wa Kiorma na mkulima wa Kipokomo wanaweza kuzihakiki wenyewe bila kumtegemea mwanafunzi mwenye kompyuta.

Wapo watakaosema kwamba mwanaisimu anakuza mambo, kwamba miti haisikilizi viambishi, na kwamba jembe lingekuwa limekwisha kufanya kazi wakati sisi tungali tunajadili kaulimbiu. Jibu langu ni kwamba majembe hayakukosekana Bura mwaka 1983. Fedha hazikukosekana, wala elimu ya misitu. Kilichokosekana ni mazungumzo, kwa lugha ya watu wa pale, na wale ambao mbuzi wao wangekuja kula yale maganda. Swali moja lililoulizwa barazani kwa Kiorma au kwa Kisomali, "Mifugo wenu hula matunda gani ya mwituni, na mbegu zake huota wapi?", lingeweza kuwapa wataalamu kitu cha kutafakari kabla ya kupanda.

Nimeambiwa kwamba vijana wangu sasa wanatafuta nauli ya kuwapeleka Bura watu wanne tu, si basi zima, wakae wiki mbili wakisikiliza. Hawana miche wala fulana. Wana madaftari, na miongoni mwao wamo binti asemaye Kisomali na kijana asemaye Kipokomo. Bado hawajampata msemaji wa Kiorma wa kuandamana nao, na nimewaambia wasiondoke kabla ya kumpata. Wenye uwezo wa kuwasaidia, wawe wazazi, walimu au viongozi wa kaunti hizo mbili, wawasaidie kwa hilo kwanza. Majembe yatapatikana baadaye.